Wimbo wa Kijiti Kabla ya Kufa kwa Siti binti Saad na Baada Yake

Njaa kuu iliyoipata nchi ya Uzigua katika miaka ya 1830 iliwasukuma watu wengi kushuka pwani. Wapo waliojiweka rehani kwa chakula, na wapo waliouzwa na jamaa zao wenyewe. Kutoka nchi ya Handeni na Mazingara hata kingo za mto Pangani huko Korogwe, watu walipita katika bandari za Mrima wakavushwa kwenda Unguja, na wengine wakafika mbali hata bonde la Juba katika Usomali. Kwa hiyo asili ya Kizigua ni jambo la kawaida katika nasaba za watu wa Unguja waliozaliwa mwisho wa karne ya 19, ingawa si wote waliopenda kulitaja. Mmoja wa wazao hao alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake, Saadi, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi; mama yake alikuwa Mzigua. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye pamoja na sauti iliyolistahili.

Habari za maisha ya Siti binti Saad zimekwisha andikwa, na mwandishi wake wa kwanza wa maana alikuwa Shaaban Robert, mtu wa Tanga, ambaye wasifu wake ulichapwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hapana haja ya kuyarudia yote hapa. Yatosha kukumbuka ya kuwa Siti aliuza vyungu kabla ya kuuza nyimbo. Ya kuwa alihamia mjini mwaka 1911. Na ya kuwa mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake wapiga ala kutiwa sauti katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Linalotafutwa katika makala haya ni dogo kuliko maisha yake, nalo ni wimbo mmoja tu, ujulikanao kwa jina la Kijiti, na mambo yaliyoupata wimbo huo ulipotoka katika kinywa cha Siti ukaingia katika vinywa vya waliobaki.

Kisa cha wimbo kilikuwa kweli. Katika enzi ya utawala wa Kiingereza, mwanamke mmoja alifika Unguja kutoka Dar es Salaam, akakaribishwa na wanawake wawili wa mjini. Alikuwa mja mzito. Wakatoka pamoja kwenda ngomani, na kileo kilikuwamo katika vitu walivyochukua. Mtu aitwaye Kijiti akamchukua mgeni yule, akamwingilia kwa nguvu, akamwua. Muuaji akavuka bahari akaponyoka. Kesi ilipofika mahakamani, mbele ya jaji Mwingereza, waliotiwa kifungoni ni wale wanawake wawili waliokuja kutoa ushahidi, kwa sababu ya kuhusika kwao na kile kileo. Ndivyo kisa kinavyosimuliwa na wazee wa Ng'ambo, ambao simulizi zao zilikusanywa na mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001. Mtu aliyeua hakupatikana. Walioona ndio waliofungwa. Jambo kama hilo halikuhitaji mtunzi stadi ili liwe wimbo, lakini lilimpata.

Utungo wenyewe umejengwa kwa beti za mishororo mitatu mitatu, kila mshororo wenye vipande viwili vya mizani minane, katika namna iliyokuwa ya kawaida kwa nyimbo za taarabu. Lakini ndani ya umbo hilo la kawaida limewekwa jambo lisilo la kawaida: msemaji habaki mmoja. Wimbo waanza kwa kuwaita watu wote watazame, kama mtu apigaye mbiu njiani. Kisha, bila ya kutangazwa, sauti yageuka kuwa ya wale waliotoka nyumbani pasipo kuaga, wakisema kwa nafsi ya kwanza ya wingi. Na mara inakuwa ya marehemu mwenyewe, akisimulia jinsi alivyoitwa na akajuta kuitikia. Baada ya hapo ni zamu ya jaji, aliyeketi kitini mwake kwa hasira, na tusi la Kiingereza limetiwa kinywani mwake kwa matamshi ya Kiswahili. Mwisho sauti ya umma yarudi, imhukumu Kijiti kwa maapizo, imwonye juu ya safari ya Dar es Salaam, kwamba njiani yupo mwenye wembe, na imwombee maradhi ambayo haifai kuyaeleza kwa urefu katika kurasa hizi.

Mpango huo wa sauti hauna budi kutazamwa kwa makini, maana ndio moyo wa wimbo. Mahakama ya Kiingereza ilikuwa imesikiliza mashahidi na kuwafunga. Wimbo nao wasikiliza mashahidi, tena wamwita hata yule ambaye hakuna mahakama iwezayo kumwita, yaani maiti. Baada ya hayo yote ndipo hukumu inapotolewa, na hukumu hiyo haiwagusi wanawake wale wawili. Ng'ambo ilifungua kesi upya, ikaiendesha kwa udi na dumbaki. Jaji naye, ambaye katika mahakama yake hakuna aliyeweza kumwuliza neno, katika mahakama hii amekuwa mmoja wa washitakiwa.

Tena wimbo hutaja mahali. Chukwani ndiko ngoma ilikokuwa, na Sharifu Msa ndiko mauti yalikokuwa yakingoja. Msikilizaji wa Unguja wa zama hizo hakuhitaji kuelezwa. Alijua mwendo uliopo baina ya mahali hapo pawili, alijua njia ipitayo michungwani na mahali penye giza. Siti na wenzake walikuwa na desturi ya kukutana nyumbani kwake usiku kufanya mazoezi, na majirani wakakaa barazani na njiani kusikiliza, wakajadili habari zilizoimbwa. Hakuna shaka ya kuwa baadhi ya wasikilizaji hao walimjua Kijiti kwa sura. Apizo lilitupwa kwa mtu aliyekuwa hai, aliyeweza kulipata habari huko alikokimbilia. Mabaharia na wafanya biashara walivuka kila siku baina ya Unguja na Mrima, na nyimbo zilivuka pamoja nao.

Jina la Dar es Salaam katika utungo huu lina uzito ambao msomaji wa leo huweza kuupita bila ya kuuona. Zama hizo Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Kiingereza na Sultani wake, na Tanganyika ilikuwa nchi nyingine yenye serikali yake. Aliyevuka mkondo wa bahari alikuwa ametoka katika mamlaka ya mahakama ya Unguja, na kumrudisha kulihitaji barua na hati za serikali mbili. Kwa hiyo mgeni alitoka nchi nyingine, na muuaji akakimbilia nchi ile ile aliyotoka mgeni. Na aliyeimba kisa hicho alikuwa binti wa Mnyamwezi na Mzigua. Neno mgeni, likitoka kinywani mwa Siti, halikuwa neno la kumtenga mtu. Wazee wake walikuwa wageni wa namna mbaya kuliko yule aliyekuja kwa hiari kutembea, kwa maana wao walitokana na watu walioletwa. Ikiwa kuna mahali katika wimbo ambapo huruma yapita adabu ya utunzi, ni pale nafsi ya wingi isemapo kwamba tuliondoka pamoja.

Sasa na litazamwe upande wa pili. Katika miaka mingi baada ya 1950, mtu aliyeutia wimbo huu katika masikio ya ulimwengu alikuwa Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Alipokuwa msichana alikuwa akienda kumsikiliza Siti, na nyimbo alizozishika hakufundishwa kwa kitabu. Lakini Bi Kidude hakuwa Siti wa pili, wala hakujifanya kuwa hivyo. Siti alitoka kwenye kisomo cha Kurani, na sauti yake katika santuri ni nyembamba, yenye mapambo ya kusoma kwa lahani. Bi Kidude alikuwa bingwa wa unyago na msondo, mpiga ngoma aliyefunga ngoma kiunoni na kuipiga akiwa amesimama. Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzwa na moshi na miaka. Siti aliimba nyuma ya buibui, Bi Kidude aliimba uso wazi mbele ya umati. Wimbo wa Kijiti umo katika sahani yake iitwayo Zanzibar, iliyotolewa na RetroAfric mwaka 1998. Aliuimba pia katika majumba ya Ulaya. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na tarehe 17 Aprili, 2013 alifariki Unguja.

Tofauti ya kwanza baina ya wimbo wa Siti na wimbo wa Bi Kidude ni ya wasikilizaji, na tofauti nyingine zote zatokana nayo. Mtu aliyeketi katika jumba la tamasha Ulaya husikia Chukwani na Sharifu Msa kama sauti tupu. Hata kijana wa Unguja aliyezaliwa baada ya Mapinduzi ya 1964 huzijua mahali hizo kwa vituo vya magari, si kwa mauti. Tangu Aprili 26 ya mwaka huo, Dar es Salaam na Unguja zimo katika Jamhuri moja. Safari ya Kijiti imekuwa safari ya ndani ya nchi. Apizo nalo limepoteza shabaha, kwa maana mtu wa kupatwa na maradhi yale amekwisha kufa kwa maradhi mengine au kwa uzee. Lililokuwa shitaka limekuwa kumbukumbu. Jaji wa Kiingereza, aliyekuwa adui mkuu wa wimbo kuliko hata Kijiti kwa maoni ya watu wa Ng'ambo, katika masikio ya leo ni kichekesho kidogo cha kati, mzee wa kizungu atukanaye kitini.

Na lipo jambo jingine, gumu zaidi. Katika utungo Kijiti ametajwa kwa jina. Wanawake wawili waliofungwa wametajwa kwa majina. Marehemu hana jina. Yeye ni mgeni tu tangu ubeti wa kwanza. Zama za Siti hapakuwa na dhara katika hilo, maana waliosikiliza walimjua, na pengine kulikuwa na haya ya kulitaja jina la maiti aliyefanyiwa jambo lile. Lakini wimbo ulipowapita watu waliojua, kimya kile kikawa kimya cha kweli. Miaka inakwenda, mwimbaji anakufa, mwimbaji wa pili anakufa, na jina lililobaki juu ya kasha la sahani ni la muuaji. Haikuwa nia ya Siti, wala si kosa la Bi Kidude. Ni tabia ya utungo wa mashitaka: hulishika jina la mshitakiwa kwa nguvu zote, na huliacha jina la aliyedhulumiwa katika hifadhi ya majirani, na majirani hawadumu.

Ili jambo hili lionekane vema, yafaa kulilinganisha na wimbo wa mbali kabisa, wa Marekani, katika fani ambayo Watanzania waliipa jina la kufokafoka. Mwaka 1994 Tupac Shakur na mwenziwe The Notorious B.I.G., wakati huo wakiwa rafiki, waliimba pamoja wimbo uitwao Runnin' from tha Police. Mtengenezaji wa muziki alikuwa Easy Mo Bee. Walikuwamo pia Stretch na vijana wa kundi la Dramacydal. Wimbo ulitoka mwaka 1995 katika mkusanyo ulioitwa One Million Strong. Jina lake latangaza kisa chake: ni habari ya vijana weusi wakimbiao askari wa polisi, na mshitakiwa yumo ndani ya jina, kama Kijiti alivyomo. Baadaye urafiki ukavunjika ukawa uadui wa wazi. Stretch aliuawa kwa risasi Novemba 1995, Tupac akafa Septemba 1996, na The Notorious B.I.G. akauawa Machi 1997.

Mwaka 2003 Eminem aliutengeneza wimbo huo upya kwa ajili ya filamu iitwayo Tupac: Resurrection. Beti za Stretch na za vijana wale hazimo tena. Zimebaki sauti za marehemu wawili mashuhuri. Kiitikio kimechukuliwa katika wimbo wa Edgar Winter wa mwaka 1971, Dying to Live, na maneno ya mahojiano yao yametiwa humo. Jina limekuwa Runnin', na Dying to Live ikawekwa pembeni yake. Polisi wameondoka katika jina. Watu wawili waliokufa wakiwa maadui wamekutanishwa tena katika majonzi mamoja, wakiomboleza, mtu angesema, kufa kwao wenyewe, ingawa walipoziimba beti zile walikuwa wazima wenye hasira na hawakuwa wakimlilia mtu. Ni kazi iliyofanywa kwa ufundi mwingi, na wengi waliipenda. Walakini marehemu hawakuulizwa, na yule wa tatu, aliyekufa kabla yao kwa risasi kama wao, amefutwa katika maombolezo ya wenziwe kwa kuwa jina lake halikuwa kubwa.

Ndipo ufanano na hitilafu ya nyimbo mbili hizi vinapoonekana. Kote kuwili shitaka limegeuka kuwa kumbukumbu baada ya mauti. Lakini Marekani mshitakiwa ameondolewa na walioshitaki wamebaki. Unguja mshitakiwa amebaki juu kabisa, na mamlaka iliyopotosha hukumu ndiyo iliyofifia. Tena, mkono uliotenda si wa namna moja. Mtengenezaji wa mwaka 2003 aliichukua sauti yenyewe ya marehemu, akaikata na kuipanga chini ya muziki ambao wenyewe hawakuusikia. Bi Kidude hakuigusa sauti ya Siti. Sauti ya Siti imebaki katika santuri zake zizungukazo mara 78 kwa dakika, kila upande dakika tatu hivi, kama ilivyotoka kooni. Bi Kidude alilitoa neno kwa koo lake mwenyewe na akalichukua dhima yake yeye mwenyewe, na aliyetaka kumpinga angeweza kumpinga usoni, na alikuwa na jibu la kumpa.

Desturi hii ya kurithi wimbo kwa koo ni ya zamani katika pwani, na ina adabu zake. Mwimbaji wa pili huruhusiwa kuongeza, kupunguza na kubadili mwendo wa ala, lakini hutarajiwa kumtaja mwenye wimbo, na Bi Kidude hakuchoka kumtaja Siti. Hata alipokubali kuimba pamoja na vijana wa kufokafoka wa kundi la Offside Trick la Unguja, katika wimbo wa Ahmada, katika miaka yake ya mwisho, alikuwapo mwenyewe. Vijana walifoka mbele na nyuma yake, naye akaimba sehemu yake kwa namna yake. Wazee kadha wa kadha waliona jambo hilo kuwa aibu. Huenda walikosea. Palikuwa na watu wa vizazi viwili katika chumba kimoja, kila mmoja akiweza kumwambia mwenziwe basi, na hilo ndilo lililokosekana katika wimbo wa Marekani wa 2003.

Shaaban Robert naye, kwa namna yake, alikuwa ameutengeneza upya urithi wa Siti kabla ya Bi Kidude kujulikana ughaibuni. Katika wasifu wake Siti ni kielelezo cha bidii, subira na utu, mtu aliyetoka chini akapanda kwa sauti na tabia. Picha hiyo si ya uongo. Lakini msomaji aliyemjua Siti kwa wasifu huo peke yake aweza kushangaa kukutana na Siti wa wimbo wa Kijiti, mwenye kuapiza, mwenye kumcheza shere jaji wa serikali, mwenye kutaja kileo na ngoma ya usiku pasipo kuwalaumu wanawake walioviendea. Wasifu uliandikwa baada ya mauti, na wasifu wa baada ya mauti hupenda kusafisha. Katika wimbo hakuna usafi huo. Hapana ubeti uwaambiao wanawake kwamba wangalibaki nyumbani wasingalipatwa na neno, ingawa ni maneno ambayo kila baraza la mji liliyasema, na ingawa jaji kwa hukumu yake aliyasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Badala yake imetumiwa taswira ya mtu aliyeuvuka mto salama kisha akazama katika kidimbwi. Mto, kwa mwanamke yule, ulikuwa bahari nzima baina ya Dar es Salaam na Unguja.

Taswira hiyo ya mto na kidimbwi huenda ndiyo sehemu ya wimbo iliyovumilia vizuri kuliko zote mabadiliko ya waimbaji na wasikilizaji. Haina jina la mtu, haina jina la mahali, haihitaji mtu aliyemjua Kijiti. Mtu wa Korogwe aujuaye mto Pangani wakati wa masika huielewa mara moja, sawa na mtu wa Fumba ambaye hana mto, na sawa na mgeni wa Ulaya akitafsiriwa. Majina yanapopungua nguvu, taswira hiyo yabaki ikimtaja marehemu kwa njia ambayo utungo haukumtaja kwa jina: kama mtu aliyekuwa safarini, mwenye mzigo tumboni, aliyekwisha pita penye kina kirefu.